Garaji ya rotuli (viungo vya miguu ya mbele ya gari) pale Ndosho, njia ya Sake: nyota nne, ya tano nimeikatalia

Bandugu wa Goma, kama gari yako inagonga mbele ukipita kwenye mawe, ko-ko-ko, na umechoka na mafundi wanaobadilisha kila kitu isipokuwa kile kilichokufa, peleka kwenye ile garaji ya Ndosho. Ukitoka mjini unashika njia ya Sake, ukifika Ndosho unaacha lami, unaingia kuume, unatafuta geti la mabati lililopakwa bluu. Hakuna kibao hakuna nini. Uliza tu ba motari, wale wa pikipiki, wote wanamjua mzee anayefanya miguu ya magari. Motere (injini) hagusi, umeme hagusi, ukimletea gari inayotoa moshi anakuambia enda kwingine. Mimi hiyo peke yake ilinipa imani kidogo, juu huku kwetu fundi anayesema "hii siijui" ni wa kutafuta na tochi.

Gari yangu ni Corolla ya 2003, vola (usukani) kuume, kama nyingi zinazotufikia kupitia Mombasa. Na barabara zetu mnazijua. Lami iko kwenye njia kubwa, ukiingia tu ndani ya kartiye, mitaani, unakuta mawe ya volkano, kuna sehemu unaendesha kabisa juu ya lava ya Nyiragongo ya 2002, ile iliyopasua mji katikati mpaka ziwani, watu wakajenga juu yake na sisi tunapita juu yake kila siku. Sasa mwambie Mjapani aliyetengeneza Corolla kwa lami laini kwamba iko siku itapanda kartiye ya Majengo na watu watano ndani na magunia mawili ya makala (mkaa).

Dalili zangu zilikuwa hizi. Kwanza ule mlio, upande wa kuume mbele, nikipita kwenye shimo polepole ndiyo unasikika zaidi, nikienda mbio unapotea. Halafu kwenye njia nzuri ya kwenda Sake gari ikaanza kutembea yenyewe, naishika moja kwa moja inataka kuniingiza upande, nairudisha, inataka upande mwingine. Na nikikata vola nikiwa nimesimama kulikuwa na sauti kama mlango wa zamani usio na mafuta. Tairi nayo ilikuwa imelika upande wa ndani tu, nje bado mpya kabisa, ukiiangalia ukiwa umesimama huoni kitu, mpaka uiname.

Kabla ya hapo nilishapita kwa mafundi wawili, siwataji. Wa kwanza alisimama pembeni ya gari, akasukuma boneti mara mbili na mkono, akasema ni amotisere (shokabzoba) zote mbili za mbele, dola 120 pamoja na kazi. Tairi hakuishika. Wa pili alisema ni biyelete, vile vifimbo vidogo vya bara ya mbele, akazibadilisha, na kwa kweli mlio ulipungua kidogo, halafu ukarudi vilevile. Biyelete kweli zinagonga zikichoka, simsemi kwamba alisema uongo, ila alibadilisha kitu ambacho hakukipima.

Sasa mzee wa Ndosho. Nilipofika nikaanza kumweleza, akanikatiza na adabu tu: "Papa, nipe funguo, tuzunguke." Tukazunguka nyuma ya garaji kwenye mawe, redio imezimwa, madirisha yote wazi, yeye anaendesha polepole kabisa, anasikiliza. Hakusema kitu. Tukarudi akaita peti mmoja, kijana wake wa kazi, alete kriki (jeki), wakainua mbele upande wa kuume, kwenye bodi, tairi ikabaki inaning'inia hewani. Hapo ndipo mambo mazuri yalianza na nitayaeleza kwa urefu kwa sababu mtu yeyote anaweza kuyafanya mbele ya nyumba yake kabla ya kulipa hata franka moja.

Anashika tairi mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa, anavuta na kusukuma. Inacheza, tok tok. Kisha anahamisha mikono, mmoja upande wa mbele wa tairi na mwingine upande wa nyuma, anafanya vilevile. Haichezi. Akaniambia ingecheza hivi, ya mbele na nyuma, ningeangalia rotuli ya direksio, ile inayoshikana na fimbo ya vola. Ikicheza juu na chini ni ama rotuli ya triangili (ule mkono wa chuma wa chini unaoshika mguu wa tairi), ama rulema (beringi) ya tairi. Na utajuaje ni ipi kati ya hizo mbili? Akamwambia peti aingie ndani akanyage breki kwa nguvu, asiachie. Akashika tena juu na chini. Bado inacheza. "Umeona? Ingekuwa rulema, breki ingeishika, isingecheza tena. Iyi ni rotuli njo imekufa."

Na hakuishia hapo. Alichukua fimbo ndefu ya chuma, akaiingiza kati ya triangili na ile sehemu inayobeba tairi, akaniita. "Weka kidole hapa." Nikapiga magoti kwenye lile vumbi jeusi na suruali yangu ya kazi, nikaweka kidole pale rotuli inapoingia, yeye akanyanyua fimbo kidogo tu, na nikasikia chuma kinaruka chini ya kidole changu. Si kuona, kusikia na ngozi. Kinapanda, kinashuka, tok. Baada ya hapo fundi hana haja ya kukushawishi tena, mwenyewe unauliza bei.

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona: rotuli ni kitu kidogo, inaenea kwenye kiganja. Ina kichwa cha chuma cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chake, kama mfupa wa paja ndani ya nyonga, ndani kuna grisi na nje imevalishwa mpira. Hiyo ndiyo inashikanisha mguu wa tairi na triangili, ili tairi iweze kukata kona na palepale iweze kupanda na kushuka na barabara. Siku ule mpira unapasuka ndiyo siku rotuli inaanza kufa, hata kama bado haigongi. Grisi inatoka, maji yanaingia, na ule mchanga wetu wa lava unaingia, na mchanga huo si udongo, ni mawe yaliyosagika, unasaga chuma kila unapokata vola. Mpira wa rotuli yangu ya kuume ulikuwa umepasuka kuzunguka wote, ukiubonyeza linatoka tope jeusi, grisi hata ya kupaka kidole haikuwepo.

Na ikiachiliwa inafika mahali kile kichwa kinachomoka kwenye kikombe. Hapo tairi inalala upande, gari inakaa chini na mbele, vola unaizungusha haina maana. Nani hajaona gari imekaa hivyo katikati ya njia, ba shofere wameizunguka, foleni mpaka mwisho wa macho. Bahati yake kama ilikuwa inatembea polepole. Na msiniambie Toyota haiwezi. Mwaka 2005 Toyota wenyewe waliita zirudishwe gari nyingi sana kule Marekani, Tacoma, Tundra, 4Runner na Sequoia, kwa ajili ya rotuli za chini za mbele. Kama hizo gari kubwa kwenye barabara za Marekani zilirudishwa, Corolla ya Majengo ni nani.

Upande wa kushoto aliupima vilevile. Haukucheza, ila mpira ulishaanza kupasuka. Hapa tena nilimpenda mzee, hakunilazimisha. Alisema hii bado inatembea, lakini mvua ikianza itafuata ya ndugu yake, "wewe njo unaamua". Nikaamua zote mbili, maana kuja mara mbili ni kupoteza siku mbili, na paralelisme (kunyoosha tairi) pia ningeilipa mara mbili.

Piesi (vipuri) hawauzi. Hiyo wengine watasema ni ubaya, mimi naona ni uzuri, hana faida yoyote akikuambia kitu kimekufa. Alinipa peti mmoja twende naye sokoni Birere, nikamlipia pikipiki. Na yule kijana, nawaambia, asingekuwepo ningeuziwa takataka. Muuzaji alitoa aina tatu kwenye meza: moja ya dola 8, moja ya dola 22, na okazio iliyong'olewa kwenye gari ya Dubai, dola 12. Okazio aliirudisha hata bila kuishika, anasema rotuli ya okazio unanunua uchovu wa mtu mwingine, hujui imetembea wapi. Ile ya dola 8 alishika ule mti wake, kijiti cha chuma kinachotoka kwenye kile kichwa, akauzungusha na vidole viwili, ukaenda bure, hauna uzito wowote, akautikisa ukatoa sauti kidogo. Mpya kabisa na tayari inacheza! Ya dola 22 ilikuwa ngumu, inazunguka polepole na laini, bila kukwama mahali, mpira wake ukiubonyeza unarudi, na ndani ya boksi kulikuwa na nati yake ya meno na gupiye (pini ya kuzuia nati) yake mpya. Boksi usiliangalie. Zile boksi za 555 ya Japani zimejaa Birere, za kweli na za kopi, na anayefanya kopi anajua kuchapa boksi vizuri kuliko anavyojua kutengeneza chuma. Shika kitu chenyewe.

Angalizo moja tena kuhusu piesi, kwenye Corolla kama hii rotuli imefungwa kwenye triangili kwa boliti na nati, unaitoa peke yake unaweka nyingine. Kuna gari ambazo rotuli imesukumwa ndani kwa presi, na kuna zingine imezaliwa pamoja na triangili, utanunua triangili nzima. Ulizia kabla ya kwenda sokoni.

Kazi yenyewe. Nati za tairi walizilegeza gari ikiwa bado chini, halafu wakainua, wakatoa tairi. Gupiye ya zamani ilikuwa kutu tupu, ilikatikia ndani ya tundu, wakahangaika nayo na msumari na nyundo ndogo muda mrefu kuliko kazi yote iliyobaki. Kisha ikaja ile sehemu inayonipaga hasira kwenye garaji zingine, kuachanisha rotuli na mguu. Ule mti wake umechongwa kwa kupungua, umeshikana kwenye tundu lake miaka, hautoki kwa kubembelezwa. Wengi wanapiga nyundo popote, juu ya mti wenyewe, mpaka uzi unaharibika, au kipigo kinaenda kwenye kardani, ile shafti inayozungusha tairi. Mzee ana arashi-rotuli, chombo chenye taya na boliti katikati, anakiweka, anakaza polepole, anasimama, anagonga mara moja tu pembeni ya chuma kilichozunguka tundu, si kwenye mti, na kikasikika "pa!" kimeachia. Peti aliruka, mimi pia niliruka, mzee hata hakupepesa macho.

Tundu alilisafisha na kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka likang'aa, akalikausha, na hakupaka grisi pale. Niliuliza, akasema pale chuma kinatakiwa kushika chuma, ukipaka grisi unakaza kupita kiasi bila kujua. Peti alitaka kurudisha gupiye ya upande wa kushoto ambayo haikukatika, akazomewa. Na jambo la mwisho la nati ya meno, nililiona kwa macho yangu: ameshakaza, tundu la gupiye halijalingana na meno ya nati. Fundi wa haraka hapo analegeza nyuma kidogo ili gupiye ipite. Mzee alikaza mbele kidogo tena mpaka likalingana. Kulegeza hapana, kamwe. Nati za tairi alizimalizia na ile kle (spana) yenye kipimo, kwenye namba 103 ya newton-mita, hiyo ndiyo ya Toyota ndogo kama hizi, sikutarajia kuiona kle hiyo Ndosho, wengine wote wanapanda juu ya kle na miguu miwili na ukipata panchari usiku hakuna wa kuilegeza.

Sasa ile nyota niliyoikatalia. Hawana shandeli, ile miguu ya chuma ya kushikilia gari ikiwa juu. Gari ilikuwa juu ya kriki moja na chini yake wamepanga mawe ya lava. Mawe ya lava! Yale yenye matundu matundu, mepesi, ambayo ukiyaangusha vibaya yanapasuka mara mbili, na peti kalala chini ameweka kichwa pale. Nilimwambia mzee, akacheka, akasema miaka yote hajaona shida. Mzee mwenye kle ya kipimo, mwenye arashi-rotuli, anayekataa gupiye ya zamani, anashindwa kununua miguu miwili ya chuma ambayo hata mchomeleaji wa jirani angemtengenezea siku moja? Hiyo hainiingii. Nikatoa tairi ya akiba kwenye buti nikaisukuma chini ya bodi, angalau ikianguka iangukie hapo. Mkienda fanyeni hivyo, na mumwambie, labda tukiwa wengi atasikia.

Mengine ni madogo. Muda wao usiuamini, nilifika asubuhi nikaambiwa saa sita utakuwa umeenda, nimetoka taa za barabara zimewaka. Kiti cha kukaa ni tairi kuukuu. Fakture (risiti) hawaandiki, ukitaka andika mwenyewe aweke sahihi. Kiti changu kilirudi na alama ya mkono wa grisi, vidole vyote vitano. Na dola ziwe safi, nilikuwa na noti ya 20 yenye kona iliyopasuka kidogo, akairudisha kama nimempa jani. Hilo lakini ni Congo yote, si yeye.

Paralelisme pia hawana mashine, wanapima na kamba. Kamba inasaidia kufika nyumbani, si zaidi, vola yangu ilibaki imelala kidogo kushoto. Nikaenda mjini kwa wenye mashine, dola 15, ikanyooka. Mzee mwenyewe alinituma huko, hakujifanya kwamba kamba inatosha.

Hesabu: rotuli mbili dola 44, kazi dola 10 kila upande, mashine 15. Dola 79. Kumbuka yule wa amotisere alitaka 120 na mlio ungebaki palepale. Mpaka leo gari imenyamaza, na njia ya Sake naishika na mkono mmoja, ingawa mke wangu hapendi.

Kwa wenye Prado, mwambieni mapema, kazi ni tofauti. Kule spring imekaa juu ya triangili ya chini, na kriki inawekwa chini ya triangili yenyewe karibu na tairi, ukiinua bodi tu spring inaibana rotuli na huwezi kuona kama inacheza. Niliona wakimfanyia jamaa mmoja siku ileile, rotuli za juu na za chini, na bei yake si hii yangu. Jumamosi msiende, ba shofere wa teksi wanajaa kabla jua halijatoka na mzee anawapa wao nafasi kwanza.